Fedha ya Bi Zuwena: tulivyotafuta kikuku kwenye mchanga wa Mangapwani

Wakuu, salaam kwenu. Wakubwa wangu shikamooni, ingawa kwa umri wangu sidhani kama mmebaki wengi humu.

Juzi kijana mmoja kauliza kama inaruhusiwa kwenda na mashine ya kutafutia vyuma kwenye fukwe za Unguja, na mbinu zake zikoje. Nimesoma majibu yote, kisha nikayarudia. Mmemtajia bei za mashine na rangi zake. Alichouliza hamkumjibu.

Kazi hiyo mimi nimeifanya, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nitasimulia kama ilivyokuwa. Mwenye kutaka chumvi aende jukwaa la mapishi.

Siku hizo nilikuwa na kibanda Kikwajuni, nikinunua shaba kuukuu, birika zilizotoboka, vitasa, chochote kinacholia ukikigonga. Jirani yangu alikuwa fundi redio, Shomari. Mtu wa maneno machache, na hayo machache mara nyingi yalikuwa ya kumtia mtu matatani.

Shomari alikuwa ametengeneza mashine yake mwenyewe. Redio ndogo ya transista, waya wa shaba alioukunja duara kwenye fremu ya ungo, vyote vimefungwa kwenye mpini wa fagio. Anachomeka kidude sikioni, anapitisha ungo juu ya mchanga. Kukiwa na chuma chini, mlio unabadilika.

Nilimcheka. Kisha nikaficha msumari kibandani kwangu, akaupata. Nikauficha pengine, akaupata tena. Nikaacha kucheka.

Sasa, mtaani kwetu alikuwepo Bi Zuwena. Ukoo wake, wa asili ya Uarabuni, ulikuwa na mashamba kabla ya Mapinduzi. Wakati huo alikuwa akishona kofia, anakaa chumba kimoja kwenye nyumba ya wapangaji wengi, mlango hauna komeo. Kwa hiyo kitu chake cha thamani alikuwa hakiachi ndani. Alikifunga fundo kwenye ncha ya kanga, kama walivyofanya mama zetu wote, akatembea nacho.

Kitu chenyewe kilikuwa kikuku cha mtoto. Cha fedha, kimoja tu, kina njuga ndogo. Kilikuwa cha bintiye, aliyekufa kwa homa kabla hajajua kutembea vizuri. Picha hakuwa nayo. Nguo zilikwisha zamani. Kilibaki hicho.

Akaenda Mangapwani kwa wifi yake, wakashuka pwani kuchokoa chaza. Aliporudi juu fundo limefunguka.

Alikuja kibandani kwangu macho mekundu. "Mwanangu, wewe na vyuma mnajuana. Nisaidie."

Nikamwita Shomari, tukapatana hapo hapo. Kikuku ni cha Bi Zuwena bila mjadala. Vyuma vingine vyote tutakavyookota, shaba yangu, kilichobaki chake. Alitaka na shaba. Nikamwambia basi abebe na mashine peke yake. Akakubali.

Wakuu, mbinu ya kwanza hiyo: patana kabla ya kuchimba. Ukishapata, hakuna anayepatana kwa adabu.

Mbinu ya pili ni maji. Usiende siku yoyote tu. Subiri bamvua, siku zile maji yanapokupwa mbali kabisa, maana vitu vizito vinakaa chini kule ambako kwa kawaida hufiki. Nasi tulisubiri, tukaondoka na gari ya asubuhi, Bi Zuwena akiwa kiti cha mbele na kanga yake ile ile.

Na ruhusa? Tuliomba. Tulipita ofisi ya tawi la chama, mzee wa pale, mwenyeji wa huko huko, tukamwambia tunatafuta fedha ya huyu Bi iliyoanguka pwani. Akampa Bi Zuwena pole, akasema nendeni. Kisha akaenda zake shamba.

Tukaanza kazi. Bi Zuwena akatuonesha mwamba alipokuwa ameinama na wifi yake. Mchanga mbichi wa chumvi unaifanya mashine ipige kelele za bure, kwa hiyo Shomari alikuwa akienda taratibu kama anayepiga deki. Mimi nachimba, namwonesha Bi Zuwena, nafukia. Vizibo vya soda, misumari ya chombo, kopo la samaki, kijiko kisicho na mpini. Kila ninapoinua mkono Bi Zuwena anasimama. Kila nikisema "kizibo" anakaa.

Tulikuwa tumebakiza kipande kimoja, kile cha chini kabisa karibu na mwamba, alipokuja askari.

Kijana mwenye bunduki begani, mtu wa bara, ndiyo kwanza amehamishiwa kule. Anaona nini? Mtu mwenye redio, waya sikioni, anaizungushazungusha kuelekea baharini. Miaka ile, wakuu. Hata mimi ningeuliza.

"We! Unaongea na nani humo?"

Shomari akatoa kidude sikioni. "Siongei na mtu, afande. Nnasikiliza msumari."

"Unanitania?"

"Hata. Ulikuwa msumari kweli."

"Mnatafuta nini hapa?"

"Fedha," akasema Shomari.

Hapo ndipo tulipopotea. Sisi wa mjini fedha ni fedha, ile inayofuliwa na sonara. Za kutumia tunaziita pesa. Lakini kwa yule askari, fedha zilikuwa za benki.

"Fedha ya nani?"

"Ya huyu Bi."

Akamgeukia Bi Zuwena, akamtazama sura, akamtazama na nywele. "Ni nyingi?"

"Si nyingi, baba. Nyepesi tu. Ya mwanangu."

Niliona anavyofikiri. Nyepesi, basi ni noti.

"Na mwanao yuko wapi?"

"Hayupo," akasema Bi Zuwena. "Alinitoka."

Jamani. Wangapi walikuwa wametoka nchini kwa siri miaka ile, na wangapi walisemwa kuwa wameacha mali chini ya ardhi? Watu waliingia ndani kwa maneno machache kuliko hayo. Kila neno la yule mama lilikuwa la kweli, na kila moja lilikuwa likimfunga.

Nikadakia. "Afande, ni kikuku! Kikuku cha mtoto!"

"Sasa kimekuwa kikuku," akasema. "Twendeni ofisini."

Nikajaribu kupatana naye. Nikamwambia kaa hapa na bunduki yako, utuangalie, tukitoa noti hata moja tufunge sote. Leo ndiyo siku ya mwisho ya bamvua, maji yakirudi hatuna tena nafasi.

"Maji yatakupwa na kesho," akasema.

Tulikaa kwenye benchi la ofisi. Mzee wa tawi bado yuko shamba. Kwenye dirisha niliiona bahari, na niliona ule mwamba ukiloa, kisha ukifupika. Bi Zuwena naye alikuwa akiuangalia. Hakuuliza atafanywa nini. Aliuliza mara moja tu, "Maji yamefika?" Shomari akamjibu bado, nayo yalikuwa yameshafika.

Askari akavuta kiti mbele yake. "Mama, sema ukweli upesi. Ilifukiwa wapi?"

Bi Zuwena akili zilikuwa kwa mwanawe. Akajibu, "Alizikwa Mwanakwerekwe."

"Nakuuliza ilifukiwa wapi."

"Nshakwambia, baba. Alizikwa Mwanakwerekwe, pembeni ya bibi yake. Nilikuwa bado nnamnyonyesha."

Yule kijana kauliza fedha ilifukiwa, kajibiwa mtu alizikwa. Nilimwona anarudi nyuma, neno kwa neno, nyepesi, ya mwanangu, hayupo, alinitoka, na kila alipofika hapakuwa na noti.

"Mtoto mdogo?" akauliza.

Bi Zuwena akakutanisha vidole viwili, dole gumba na cha shahada, akafanya duara. "Mguu wake ulikuwa hivi."

Askari akasimama, akavaa kofia, akaivua tena. "Twendeni," akasema.

Tulipofika mwamba ulikuwa haupo. Maji mpaka kifuani. Yule kijana akaweka bunduki juu ya jiwe, akavua viatu, akaingia na suruali zake za kazi akawa anapapasa chini kwa miguu. Shomari alimwambia haifai kitu. Hakutoka mpaka Bi Zuwena alipomwita mwenyewe, "Toka mwanangu, utaumwa."

Tulirudi bamvua lililofuata. Askari alikuja bila bunduki, na ndiye aliyechimba. Lakini mchanga wa pwani haukai mahali pamoja. Palipokuwa shimo pamekuwa kilima. Tulipata vizibo. Nilivihesabu mara mbili, kama kuna kimoja kitageuka.

Basi, kijana uliyeuliza, majibu yako haya. Ruhusa iombe, kisha hakikisha aliyekupa amewaambia na wenzake. Ukiulizwa unatafuta nini, taja kitu chenyewe kwa jina lake, na umbo lake, na cha nani, usitaje kilichotumika kukitengeneza. Shimo ulilochimba lifukie, watoto wanakimbia pale. Makaburi yaache. Kitu chenye mwenyewe si chako, hata kama mashine ni yako.

Bi Zuwena amefariki miaka mingi. Wifi yake pia. Nijuavyo mimi hakuacha mtu.

Siku hizi nasikia mnakwenda Mangapwani na mashine za kisasa zinazosikia mpaka kina cha mkono mzima. Kikuku kile hakijaoza, fedha haiozi. Ni kidogo, kimeshikizwa njuga moja, na kwa sasa kitakuwa cheusi, mtu anaweza kukidhani takataka akakitupa.

Nimejiuliza sana kikipatikana apewe nani, na jibu sina. Nyinyi mngefanyaje? Karibuni, nasoma.