Alama Niliyoidai kwa Kelele

Siku ile naikumbuka vyema, mwanangu, maana ndiyo siku niliyopata haki yangu nikampoteza mtu.

Nilikuwa kidato cha sita hapa Tanga, miaka ile ya shida, sabuni ya foleni na daftari la kuazima. Fomu za kuomba chuo kikuu zilikuwa zimefika, na kila mwalimu alitakiwa kuandika alama anazotarajia tupate kwenye mtihani wa mwisho. Nilipoiona yangu, nimewekewa D ya Kemia, macho yaliingia giza. Katika majaribio yote sikuwahi kushuka chini ya B.

Aliyeandika ni Mwalimu Mhina. Huyu, Jumamosi zote, alikuwa akija kwa miguu kutoka Pongwe, baiskeli yake haina tairi na madukani halipatikani, atufundishe bila hata kikombe cha chai. Nami sikumwendea. Hasira hasara, wahenga walisema. Niliingia kwa mkuu wa shule, walimu wengine wamekaa, nikapaza sauti: "Mwalimu Mhina ananionea! Hataki niende chuo!"

Akaitwa. Akatoa mfukoni karatasi zake; madaftari ya alama yalikuwa yamekwisha, basi akiandika nyuma ya mitihani ya zamani. Akafuatisha majina kwa kidole, kisha akaliona kosa lake. Alikuwa amenakili alama ya mwenzangu. Akaikata ile D, akaandika B mbele ya wenzake.

Nilimkimbilia nje. "Shikamoo, mwalimu. Nisamehe."

"Marahaba. Haki ilikuwa yako, binti yangu," akasema. "Lakini hukuniuliza."

Jumamosi iliyofuata hakuja, wala zilizofuata. Walisema ameona haya. Wenzangu hawakunitukana, walihama tu dawati langu. Nikasoma peke yangu, nikala peke yangu. Chuo nilikipata, ndiyo, lakini sikuwa na wa kumwambia akafurahi, ila mama. Mwalimu nilimwandikia barua tatu. Hakujibu hata moja, na sasa ni marehemu.

Mwanangu, ukionewa usinyamaze. Idai haki yako, hata kwa mkubwa. Lakini anza kwa yule aliyekosea, mkiwa wawili, umuulize kabla hujamshtaki. Pengine ni kuteleza tu, na kuteleza si kuanguka. Neno la hasira ni maji, yakimwagika hayazoleki.

Mola akujaalie elimu yenye manufaa na ulimi wenye staha, akuzungushie watu wanaokupenda, usiuonje upweke niliouonja mimi. Amin.