Ng'ombe Aliyekanyaga Bwawa

Mwaka nilioolewa, mume wangu alinipeleka kukaa kwao, kwenye mteremko upande wa Karuba. Asubuhi ukungu ulijaa bondeni, na vilima vya ng'ambo vilionekana kama vinaelea. Juu yetu kulikuwa na lopitali ndogo ya masere, watawa wa kike. Chini yetu, kando ya kijito, walikaa wafugaji. Sisi tulilima maharagi na viazi, wao waliuza maziwa.

Kijito kilikuwa kimeharibika. Maji ya kufulia mashuka ya wagonjwa, ya jikoni na ya vyooni, yote yalishukia humo. Siku moja mama mmoja mfugaji, mjane wa makamo, alipanda mpaka uani kwangu. Ndama wake alikuwa amekufa.

"Ninyi watu ya juu munatuuwa na maji," alisema.

"Hapana, Mama. Ule uchafu unatoka kwa lopitali."

"Lopitali iko juu yenu, na ninyi muko juu yangu. Miye naona maji tu."

Tangu siku hiyo, sisi wa juu na wao wa chini hatukusalimiana. Nilikuwa na mimba changa na nilitamani maziwa, lakini sikuthubutu kwenda kwake.

Kiangazi kilipofika, masere mkubwa aliwaita wanaume wachimbe mabwawa mawili chini ya lopitali, moja likimwagia lingine. Mume wangu alikuwa miongoni mwao. Jioni alirudi na udongo mwekundu hadi kwenye nyusi.

"Maji italala kule," aliniambia. "Uchafu utashuka chini, jua itapiga juu. Kisha itapita polepole ndani ya matete, ndipo itashuka kwa kijito."

"Maji inalala?" Nilicheka.

"Inalala," alisema, naye hakucheka.

Mvua zilirudi, mabwawa yakajaa. Lile la juu lilinuka, lakini la pili lilivaa majani madogo ya kuelea, laini, mabichi, bila ufa hata mmoja. Kereng'ende walining'inia juu yake. Nilikuwa nikipita na jembe begani, nasimama bila kujua kwa nini, mpaka nasikia kama mwili wangu nao umetulia kama yale maji.

Asubuhi moja nilikuwa nimesimama hivyo, ukungu ukiwa bado chini, nikaona ng'ombe mweupe wa yule mama akija taratibu. Aliona majani, akadhani ni malisho. Aliingia bila kelele. Kwa kitambo kifupi nilimwona kama anatembea juu ya kijani, kisha kijani kikafunguka, akabaki kichwa na pembe.

Yule mama alitokea mbio kutoka kwenye ukungu. "Ng'ombe yangu! Anazama!"

Nilifungua kikwembe changu cha juu, kitenge kile cha harusi, nikapiga magoti ukingoni, mimba yangu ikiwa kubwa, na kukizungusha kwenye pembe. Tulivuta sote wawili, visigino vikizama matopeni.

"Shika, mutoto wangu, usiachilie!"

"Sitaachilia, Mama!"

Nilipiga mayowe. Wakulima walikuja na kamba kutoka mashambani, wafugaji wakapanda kutoka chini, na watu waliokuwa hawasemezani walivuta kamba moja. Ng'ombe akatoka, mweusi kwa tope, akitetemeka. Kikwembe kilipasuka katikati.

Wiki iliyofuata tulipanda pamoja uzio wa miti kuzunguka mabwawa. Yule mama alishuka hadi pale maji yanapotoka kwenye matete, akayachota kwa kiganja, akayanusa kwa muda mrefu.

"Hayanuki," alisema, kama mtu anayejisemea usingizini.

Mvua zilipokuwa zikiisha nilijifungua mtoto wa kike. Yule mama aliingia na kibuyu cha maziwa yaliyokuwa bado ya moto kutoka kwenye kiwele, akaketi kwenye kigoda karibu na kitanda.

"Kunywa yote," alisema. "Mutoto anangoja."

Nilikunywa. Nje ukungu ulikuwa ukipanda, na mtoto alikuwa amelala mapajani mwake.