Tarehe ya Kurudi Kavuluni

Mumbua ameuza pombe Doha miaka tisa na hajawahi kuionja. Ameokoka, tena anaimba kwaya, na ukimcheka atakuuliza kama muuza viatu lazima avivae vyote. Anafanya kazi kwenye baa ya hoteli moja kubwa: mlangoni anakagua vitambulisho, ndani anahudumia meza, na mtu akilewa anamtoa kwa upole mpaka mlevi mwenyewe anashukuru. Mimi ni Shiru, kitanda changu kinapakana na chake hapa Muaither, mtaa wa pembeni mwa Doha, na nayasimulia haya kwa sababu yeye akianza huyafupisha.

Mwaka huu mkataba wake ulikuwa unaisha Novemba. Alitaka kurudi kwao Kavuluni, soko dogo huko Ukambani, afungue baa safi yenye choo cha maana na viti vya kuegemea. Ndiyo kazi anayoijua. Akikosa leseni, atie sahihi miaka mingine miwili.

Leseni yenyewe haigawiwi kama peremende. Kaunti yao imeweka kipimo: baa moja kwa kila watu elfu mbili na mia tano, kwa hesabu ya sensa. Kavuluni ina baa mbili tayari. Ya tatu inataka watu elfu saba na mia tano, na kwenye karatasi wako elfu saba, mia nne sitini na wawili.

"Wamepungua thelathini na wanane tu?" Mumbua aliniambia. "Si wako hapa Doha!"

Nilicheka, lakini alisema kweli. Sensa humhesabu mtu pale alipolala, na wenzake walikuwa wamelala huku ugenini. Basi kila siku yake ya mapumziko akawa anapanda metro na mabasi, leo Al Rayyan, kesho huko viwandani, akiwatafuta watu wa kwao mmoja mmoja, watie sahihi orodha ya kuiomba kamati ya leseni iwahesabu. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa lake. Tevin, mlinzi wa duka, alitia sahihi akidai chupa ya kwanza iwe ya bure. Nahashon, dereva, alikataa.

"Babangu alimalizwa na hizo baa mbili," alisema. "Sasa unataka nikusaidie kuleta ya tatu?"

Mumbua hakubishana naye. Alinieleza jioni kwamba Nahashon ana haki, kisha akatafuta mtu mwingine. Yeye ni wa namna hiyo, anaweza kukubali umemshinda na bado asiache alichokifuata.

Orodha ilipotimia aliipiga picha akamtumia Philip, karani wa kamati ya leseni. Siku ya tatu Philip akapiga simu, mimi nikiwa hapo na kikombe changu cha chai.

"Madam, orodha ni poa. Lakini mwenyekiti anauliza, hawa watu watarudi kulala Kavuluni lini? Kila jina liandikiwe tarehe. Asiye na tarehe hatumhesabu."

"Tarehe tu? Hiyo ni kitu kidogo."

Hata mimi niliona ni kitu kidogo. Akaanza mzunguko upya. Tevin akasema mwakani. Miriam, aliyetia sahihi naye, akasema akimaliza kuezeka nyumba. Mwingine mpaka mdogo wake atoke chuo. Akafika kwa Jerusha, yaya aliyekuja Doha akiacha mtoto anayenyonya. Jerusha alipokea kalamu.

"Naandika Disemba," akasema.

"Disemba ya mwaka gani, dada?"

Jerusha akamrudishia kalamu, akalia palepale kwenye kituo cha basi walipokutana. Yule mtoto sasa ananyoa ndevu.

Mumbua alirudi chumbani na orodha isiyo na tarehe hata moja. Akaketi kitandani bila kuvua viatu, jambo ambalo mwenzangu huyu halifanyi.

"Shiru, nimeogopa."

"Unaogopa kunyimwa leseni?"

"Hata yangu sijaandika. Nilikuwa nangoja leseni kwanza. Na hao wote kila mtu ana kitu anangoja. Mimi narudi, hata bila leseni."

Nilimjia juu. Nilimwambia aache upuuzi, mtu hatupi kazi kwa sababu ya machozi ya mwenzake, na bila baa atafanya nini huko?

"Nitauza chai. Chai haina kamati."

Akachukua kalamu, mbele ya jina lake akaandika tarehe kumi na nne Novemba, akaipiga picha orodha ile ilivyo na kuituma. Asubuhi jibu la Philip likaja: "Mmoja amepokelewa. Bado thelathini na saba."

Mumbua alilisoma mara mbili, akacheka sana, kisha akaenda kumwambia meneja kwamba hatatia sahihi mkataba mpya. Nilimwonea wivu, nasema wazi. Nilibaki nimeketi na simu mkononi, kalenda imefunguka, nikitafuta siku ninayoweza kuiita yangu. Nilifika mwisho wa mwaka ujao bila kuiona, nikaizima simu.