Mji Ulioliwa na Tindikali

Jamani, nichekeni mmalize kabisa kabla sijaanza, maana hapa Msambweni hata mbuzi wanaijua aibu yangu. Yote yaliletwa na picha ya mji mmoja wa Uskoti, kwao mwalimu mkuu wetu, Mzungu mrefu mwenye magoti mekundu: picha ya enzi za babu yake, bandari na mashua na nyumba za mawe zenye dohani, yote mistari myeusi mitupu. Siku ya wazazi akaitundika ukutani darasani, akataka mkalimani, nami nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kusema (Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, lakini bibi yangu alikuwa amekaa mbele akiwatambia wenzake, "Mjukuu wangu huyo, akisema Kiingereza hata Mzungu hushangaa").

Mzungu akaeleza jinsi picha ilivyochorwa: mistari ilikwaruzwa kwenye bamba la shaba, tindikali ikaila, kisha bamba likapakwa wino na kupigwa chapa karatasini. Haya nimeyajua baadaye. Pale nilidaka "mji" na "tindikali" tu (tulikuwa tumeisoma wiki ile ile), na badala ya kumwomba arudie nikajitia kidume: "Anasema mji huu wa kwao uliliwa na tindikali."

"Innalillahi!" Bibi akashika kichwa. "Na watu je?"

"Walibaki wachache," nikasema (ningesema nini tena?).

Basi darasa zima likasimama kumpa mkono. "Pole, bwana." "Pole sana, mwanangu." Na Mzungu huyu Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache, na "pole" aliijua ile ya polepole tu, akadhani anaambiwa asiende mbio, akawa anasema neno, anapumua, anasema jingine, nao wakaona uchungu umemkaba koo, kina mama wakaangua kilio, maalimu wa chuo cha Kurani akainua mikono kumwombea subira. Mzungu naye akadhani picha imewagusa, akatabasamu, akaweka kidole kwenye nyumba moja: "Mama... yangu... hapa... pika... samaki."

"Maskini," bibi akanong'ona huku akijifuta machozi kwa leso, "ameanza kuweweseka."

Hapo mwalimu wa hesabu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akapasuka kicheko, akawafafanulia wazee kila kitu. Nilitamani tindikali hiyo inile na mimi. Bibi akanigeukia taratibu: "Ilikula mji, au ilikula akili zako?"

Tangu siku hiyo neno nisilolijua nasema sijui, tena kwa sauti, hata kwenye mtihani. Lakini wapi! Kila asubuhi nampa bibi shikamoo yake, naye anaipokea vizuri tu: "Marahaba, Tindikali."