Mfuko wa Shati la Baba

Juzi nilipofika kwa mama, huko Vulamba, nilimkuta anaanua vitenge vyake haraka haraka, na bado vinachuruzika maji. Nilijua sababu.

Wakati wa vita, nyanya yangu alikuwa na ubao ukutani. Jirani akifa, aliomba kipande cha nguo yake, akakibandika pale kwa uji wa muhogo, akawaombea wafiwa. Ubao ulinuka moshi na uchachu. Mimi niliona tu kwamba nyanya akisimama pale, Mungu anasikiliza. Nikadhani waliobandikwa ndio Mungu anaowachunga.

Baba alikuwa Manguredjipa kwenye machimbo ya dhahabu, na askari walikuwa wamefunga njia. Mchana mmoja nikakata mfuko wa shati lake la bluu, nikaubandika katikati kabisa.

Mama aliporudi kutoka sokoni aliuona, akaangusha beseni, akapiga yowe mpaka majirani wakajaa nyumbani.

"Nani alileta habari?"

"Hapana mutu, mama. Ni mimi nilimuweka, Mungu amuone."

Alinipiga kwa mwiko mpaka ukavunjika.

Baada ya siku chache habari ya kifo cha baba ikaja kweli. Mama hakulia tena. Alininyooshea kidole mbele ya waombolezaji: "Mutoto huyu ndiye alimubandika."

Leo ninatengeneza mbao kama ule wa nyanya, za vitambaa, vifungo na kurasa za nyimbo, na watu huzisifu. Mama hajaja kuziona.

Juzi nilitaka kumsaidia kubeba beseni la vitenge. Akalivuta kwake.

"Yangu acha," alisema. "Bado niko muzima."