Paka wa Mama na Ua wa Saruji

Zulia langu lilikuwa la rangi ya damu ya mzee, lenye maua ya manjano, na kabla mama yangu hajahamia kwangu Kilole, hapa Korogwe, hakuna kiatu kilichowahi kulikanyaga. Nililisimamia kama askari wa getini. Wageni walivua viatu mlangoni, na wengine walizitazama soksi zao mara mbili kabla ya kuingia. Nasema haya mapema ili ieleweke nilikuwa mtu wa namna gani asubuhi ile nilipoingia sebuleni, nikavuta pumzi, nikajua kwamba paka amekojoa.

Paka alikuwa wa mama. Walikuja pamoja kutoka Kwaluguru, kule Handeni, mama akiwa amekaa dirishani ndani ya basi na paka akiwa kwenye kikapu kilichofunikwa kanga, juu ya mapaja yake. Nilikwenda kumchukua mama kwa sababu alianguka shambani asubuhi, na majirani wakaja kumkuta jua limeshapinduka, presha imepanda, jembe liko chini yake. Daktari alisema asikae peke yake tena. Nilimpa siku tatu ajitayarishe. Niliporudi alikuwa na furushi moja, mkongojo na paka. Nikamuuliza paka wa nini, nyumba yangu haina hata panya mmoja.

Akajibu kwamba huyu amemlindia mahindi miaka tisa, hawezi kumwacha nyuma ya mlango uliofungwa. Nikabeba furushi, kwa kuwa basi lilikuwa linapiga honi.

Jina paka hakuwa nalo. Mama alimwita kwa kugonga ulimi, na akizungumza naye alizungumza Kizigua kitamu cha taratibu. Mimi mwanawe Kizigua nilisemeshwa nikikosea tu.

Nyumba yangu niliijenga kwa cherehani. Nina chumba cha kushonea nguo pale Manundu, na kila gauni na kila sare ya shule iliyopita mikononi mwangu iligeuka tofali. Kitu nilichojivunia kuliko vyote ni ua. Niliusakafia wote, kutoka ukuta hadi ukuta, saruji laini inayong'aa ukiimwagia maji. Nimekulia kwenye vumbi la kiangazi na matope ya masika, na niliapa kwamba nikipata kwangu sitauona udongo tena ndani ya geti. Hata maua ya barazani yalikuwa ya plastiki. Niliyafuta kwa kitambaa kila Jumapili, nikarudi nyuma hatua mbili kuyatazama.

Basi haikupita wiki mbili paka akaanza. Kona ni ile ile, karibu na kabati la vyombo, pale matamvua ya zulia yanapogusa ukuta. Nikasugua kwa sabuni ya unga. Nikajaribu siki, kisha magadi, kisha limau. Mwisho nikamwaga dawa ya kusafishia choo, ambayo ilifuta maua mawili ya manjano na kuiacha harufu mahali pake. Mvua zilikuwa zimeanza na zulia halikukauka. Siku moja nilimkamata paka shingoni nikamsukumia pua kwenye unyevu ule, nikimwambia anuse uchafu wake. Hakunikwaruza. Alifumba macho tu akangoja nimalize. Hilo linanichoma mpaka leo.

Mama alikuwa akiswali pale sebuleni, akikaa kwenye kiti kwa ajili ya magoti yake. Zulia lilipoingia najisi alihamia kwenye korido, kwenye sakafu ya baridi, na hakulalamika. Alfajiri moja niliamka mapema nikamkuta amepiga magoti yale yale mabovu, anasugua kona kwa kanga kuukuu, ili nikiamka nisione kitu. Nilipandwa na hasira. Kwa kweli nilikuwa na aibu, lakini mimi aibu yangu hutoka mdomoni kama hasira. Nikasema paka huyu aondoke ndani ya wiki hii, apelekwe alikotoka, mimi sikujenga nyumba iwe choo cha wanyama.

Mama alishika ukingo wa kabati akainuka polepole. Alipokwisha kusimama sawasawa ndipo akasema.

"Hapa ni kwako, mwanangu. Ijumaa nitarudi naye Kwaluguru."

Alisema bila kununa, na hapo ndipo nilipoogopa. Mama akisema Ijumaa ni Ijumaa. Niliiona ile nyumba ya Kwaluguru, nilimwona mama kaanguka, jembe chini yake, na safari hii hakuna jirani anayepita. Nikaliona pia lile furushi lake. Siku aliyofika alitoa kanga mbili na magauni mawili, lililobaki akalifunga mafundo mawili na kulisukuma kwenye kona nyuma ya kitanda. Sasa alikuwa kwenye mwezi wake wa pili kwangu na mafundo yalikuwa vile vile. Kila nilipofagia chumba chake nililiona, na kila nilipoliona nilijiambia kwamba mtu huyu hajafika, anasubiri tu sababu ya kurudi. Sasa nilikuwa nimempa sababu.

Jumatatu nilikwenda kwenye duka nililonunulia zulia. Mwenye duka ni mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima, mzaliwa wa hapa hapa Korogwe, na sijawahi kumwona akimpa mteja kitu kabla ya kumhoji. Baada ya shikamoo nikamwambia nataka dawa ya kuondoa mkojo wa paka kwenye zulia, kali kuliko zote alizonazo. Akaniuliza kama nimemwona paka akikojoa. Nikasema nimeona mkojo, inatosha. Akavua miwani. Akaniambia kwamba ghala lao halijawahi kukosa paka tangu enzi za babu yake, na katika wote hao hajaona paka mchafu hata mmoja.

"Kaa siku nzima umtazame," alisema. "Usimfukuze, usimsemeshe. Halafu uje, nitakuuzia dawa."

Nilitoka nimekasirika, maana nilikwenda dukani nikarudi na kazi. Lakini Ijumaa ilikuwa inakuja. Jumatano sikufungua Manundu. Nilikaa kwenye kigoda nyuma ya pazia la mlango wa jikoni na gauni la mteja mapajani, nikipiga pindo huku nikichungulia. Mama alikuwa amekwenda na jirani kliniki kupima presha.

Paka alikula dagaa wake, akajilamba, akatoka uani. Nilidhani atalala juani. Akaanza kutembea kando ya ukuta, pua chini, na kila hatua chache alisimama akakwaruza saruji kwa mguu mmoja, akasikiliza, akaendelea. Alikwaruza kona ya kwanza, ya pili, zote nne. Alikwenda kwenye maua yangu ya plastiki, akanusa ndoo yalimosimikwa, akatia mguu ndani, akautoa. Alikwenda getini na kuingiza pua chini ya bati. Ukuta aliutazama kwa muda mrefu, na ule ukuta nimepanda vipande vya chupa juu yake, naye paka ni mzee. Kisha akaenda katikati ya ua, pale vipande viwili vya sakafu vinapokutana na pana ufa mwembamba, akaanza kukwaruza kwa miguu yote miwili. Alikwaruza mpaka nikasikia kucha zinalia.

Ufa ule niliujua. Kila asubuhi mama hukaa kwenye ngazi ya mlango wa uani na kuuchokoa kwa ncha ya mkongojo wake, taratibu, huku akitazama kwingine. Nilishawahi kumfokea. Nilimwambia mama, utanibomolea sakafu.

Paka akaacha ufa, akaingia ndani, akanipita pale kwenye pazia. Nilimfuata kwa macho hadi kwenye kona ya kabati. Alizunguka mara mbili. Akakwaruza zulia, kitu pekee ndani ya geti langu kinachokubali kucha. Akachuchumaa, akakojoa, akageuka kunusa. Halafu akaanza kufukia. Alivuta kwa mguu wa kulia, akavuta kwa mguu wa kushoto, na hakikuja kitu, kwa kuwa zulia halina udongo. Akanusa tena, hakuridhika. Ndipo akanyoosha mguu, akayakunja matamvua ya zulia, moja baada ya jingine, akayalaza juu ya ule unyevu mpaka ukafunikwa.

Sindano ilinianguka. Nilijiona kama mtu aliyeingia mahali pa ibada na viatu. Huyu niliyemwita mchafu, niliyemsukumia pua kwenye mkojo wake, siku zote hizo alikuwa anajisitiri kwa nyuzi, katika nyumba ambayo mwenyewe niliziba kila mahali pa kujisitiri. Siku hiyo sikushona tena. Gauni la mteja lilichelewa siku mbili.

Alhamisi asubuhi nilimwita fundi aliyeusakafia ua. Alipoambiwa avunje alidhani nimeona kasoro, akaanza kujitetea kwa habari za kokoto na mchanga. Nikamwambia kazi yake ni nzuri mno, hiyo ndiyo shida. Nikamchorea kwa chaki kipande cha ukubwa wa mlango, pale kwenye ufa. Akanitazama, akatazama chaki, akachukua nyundo na tindo.

Mama alitoka kwa sababu ya kelele, akakaa kwenye ngazi yake. Kipande cha kwanza kilipoinuliwa harufu ilitoka, ile harufu ya ardhi iliyolowa. Nilikuwa sijainusa nyumbani kwangu tangu nilipojenga. Udongo ulikuwa mwekundu, wenye unyevu, na katikati yake nyungunyungu mnene alikuwa anajikunja kukwepa mwanga. Miaka yote niliyomwaga maji kung'arisha saruji, huyu alikuwa chini anaishi maisha yake. Fundi mwenyewe alisimama na nyundo mkononi, tukamtazama nyungunyungu.

Fundi alipomaliza na kusogea, paka alikuja. Alikanyaga udongo kwa mguu mmoja, akasimama. Akaingia mzima. Akachimba kwa fujo, udongo ukaruka hadi kwenye saruji niliyokuwa nimeipiga deki, akachuchumaa, akatazama mbele kwa utulivu ambao sijauona kwa watu wengi. Akafukia, akanusa, akaondoka mkia juu. Hakurudi kwenye kona ya zulia siku hiyo wala baadaye.

Mama aliinuka akaingia chumbani kwake. Akatoka amebeba furushi. Nikaona nimechelewa, shauri limeshakatwa, huyu anakwenda zake. Akaliweka kwenye ngazi na kuanza kupambana na yale mafundo mawili. Yalikuwa yamekaza. Alikataa nimsaidie.

Ndani kulikuwa na vifundo vidogo vidogo vya vitambaa, kama vile tulivyofungiwa vijisenti vya shule tukiwa watoto. Akafungua kimoja baada ya kingine akavipanga kwenye ngazi. Kunde. Mbaazi. Mbegu za maboga. Bamia.

"Nilizichagua zile siku tatu ulizonipa," alisema. "Nilijua nakuja kukaa. Nikafika, nikaona hakuna pa kuzipanda, nikanyamaza."

Nililia pale pale, mbele ya fundi. Mama aliningoja, kama paka wake alivyoningoja siku ile, halafu akaniambia nilete jembe. Nyumba nzima haikuwa na jembe. Akasema si neno. Akaja mpaka kwenye udongo, akachora mstari kwa mkongojo, theluthi moja upande huu, theluthi mbili upande ule.

"Huku kwa paka," alisema. "Huku kwetu."

Akatoboa shimo la kwanza kwa ncha ya mkongojo, akanipa kunde mbili, nami nikapiga magoti kwenye vipande vya saruji nikazitia ndani na kufukia kwa mkono.