Blanketi la Kupimia Maziwa

Ng'ombe wangu alipovimba kiwele, alivimba kweli. Mimi nakaa Mwandiga, lakini mtu wa Bangwe, kule mbali ziwani, alikuwa anakiona kile kiwele bila kusimama. Dada wa mifugo akaja, akamdunga sindano, akasema, "Baba, maziwa yamwage kwanza. Dawa inapitia humohumo."

Nikamwaga. Siku alizosema zikaisha, kiwele kikanywea. Ila ndani nina binti yangu, kaja kujifungulia kwetu mtoto wa kwanza, na dawa ya jamii ile ikimgusa tu anavimba uso hadi macho yanapotea. Siku aliyovimba nilimwamkia shikamoo, nikadhani mama mkwe kaja. Na sasa chai ya maziwa anaililia kushinda kichanga chake.

"Si meupe haya? Mpe!" mke wangu akasema.

"Na chokaa je? Si nyeupe?"

Ikabidi dada wa mifugo arudi na kichupa cha maji fulani na tochi ya mwanga wa zambarau. Ukiyamulika, maji yanawaka kijani kama macho ya paka. Ukidondoshea maziwa yenye dawa, hata chembe, mwanga unafifia. Tatizo, yanataka giza, na ilikuwa saa saba mchana, jua la kukaanga dagaa bila moto. Nikaleta blanketi. Tukajifunika watatu, mimi, mke wangu na mtaalamu, jasho linamwagika kama mto Malagarasi.

"Baba, usipumulie kichupa!"

"Nipumulie wapi, mwanangu, masikioni?"

Tone likaingia. Mwanga ukafifia, ukawa kama kibatari kinachoishiwa mafuta.

"Bado imo," mtaalamu akasema.

Mara sauti ya jirani yetu, yule mama wa nyumba ya pili, huko nje: "Jamani! Mnajifukiza bila sufuria?" Kabla hatujajibu katusukumia chini ya blanketi sufuria la mwarobaini linachemka. Tulitoka humo tumeiva, bado chumvi tu.

Maziwa nikamwaga tena, binti akalia tena.

Siku kadhaa baadaye tukarudi chini ya blanketi, na jirani humohumo, kakataa kubaki nje. Tone likaingia. Kijani kikawaka, kikagoma kufifia.

"Mbona hauzimi?" jirani akauliza.

"Ndiyo salama hiyo, mama."

Chai ikapikwa. Binti akanywa, sisi wanne tumemkodolea uso, hakuna anayepumua.

"Mnaniangalia nini?" akasema. "Leteni sukari."